Kinyonga wa Kibaha na Kisarawe: Hana sumu wala nuksi

MVUA zinapoanza kunyesha katika Mkoa wa Pwani, mnyama mdogo wa rangi ya kijani huonekana akivuka njia za udongo za Kibaha na Kisarawe, kwa mwendo usioweza kumsaidia kukwepa hata baiskeli.

Mnyama huyo ni kinyonga. Wapo wanaosimama kumsubiri apite, wapo wanaobadilisha njia, na wapo wanaookota jiwe.

Sababu zinazotolewa kwa kumwua zinafahamika katika vijiji na mitaa mingi ya Pwani: kwamba kukutana naye ni nuksi, kwamba ana sumu, kwamba jike lake hupasuka tumbo na kufa wakati wa kuzaa, na kwamba mnyama anayeweza kugeuka rangi ya kila anachokikanyaga hawezi kuwa kiumbe wa kawaida.

Katika hayo yote manne, hakuna hata moja linalothibitishwa na elimu ya viumbe.

Lugha yenyewe haikumtendea haki. Mwanasiasa anayehama chama huitwa kinyonga, rafiki asiye na msimamo huitwa kinyonga, na mradi wa barabara unaochelewa huelezwa kuwa unakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Magazeti nayo yamechangia sana katika hilo.

Wala si Waswahili peke yao. Miongoni mwa Wazulu na jamii nyingine za Kibantu husimuliwa kwamba kinyonga alitumwa kuwapelekea wanadamu habari kuwa hawatakufa, akachelewa njiani, na mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Imeandikwa kwamba huko kusini mwa Afrika vijana wachungaji walikuwa wakimtia kinyonga tumbaku mdomoni ili kumlipiza kisasi kwa kosa hilo.

Wawili wa Pwani

Kinyonga anayeonekana zaidi katika mikorosho, miembe na vichaka vya Kibaha na Kisarawe ni yule ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Mwanasayansi wa Uingereza, William Elford Leach, ndiye aliyempa jina hilo la pili mwaka 1819, likiwa na maana ya magamba mawili.

Magamba hayo ni mikunjo miwili ya ngozi iliyo nyuma ya kichwa. Mtu anaweza kudhani ni masikio, lakini kinyonga hana tundu la sikio kwa nje. Akikasirishwa huiinua mikunjo hiyo, hujaza mwili hewa, hutoa sauti ya kufoka na kufumbua kinywa chenye rangi ya chungwa ndani, ili aonekane mkubwa na wa kutisha kuliko alivyo.

Vitisho vyake huishia hapo. Hana sumu ya kumdhuru binadamu katika meno, mate wala ngozi. Anaweza kung'ata akishikwa kwa nguvu, na maumivu yake hayazidi ya kubanwa na kibanio cha nguo.

Ni wa ukubwa wa kiganja na mkia juu yake, ingawa wachache hufikia urefu wa sentimita 35. Anapatikana katika eneo kubwa la Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, tena si lazima awe msituni. Bustani, ua wa michongoma na shamba lenye miti vinamtosha.

Wa pili hajulikani kwa watu wengi, hata kwa wale waliozaliwa jirani naye. Ni Rieppeleon brevicaudatus, kinyonga mdogo wa misitu ya pwani na ya milima ya mashariki mwa Tanzania, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1892 na Mjerumani Paul Matschie. Urefu wake ni sentimita nane hivi, mkia ni mfupi, na rangi yake ni ya jani lililokauka, pamoja na mistari ubavuni inayofanana na mishipa ya jani.

Huyu hushinda chini, kwenye majani yaliyodondoka, na jioni hupanda kijimti kifupi kulala. Akiguswa hutetemeka mwili mzima. Makazi ya aina yake ndiyo yanayobaki katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe, vipande vya msitu wa kale wa pwani vilivyo umbali usiofika kilometa 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam.

Duniani zipo spishi zaidi ya 200 za vinyonga, na karibu nusu yake zipo Madagascar. Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika bara zenye spishi nyingi zaidi, kiasi kwamba mwaka 2006 wataalamu walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa misitu ya Afrika Mashariki, waliiita Kinyongia, kutokana na neno la Kiswahili.

Spishi moja ya jenasi hiyo iligunduliwa kwa namna isiyo ya kawaida. Mtafiti wa nyani Andrew Marshall alikuwa katika msitu wa Magombera, Bonde la Kilombero, alipokutana na nyoka aliyekuwa akimla kinyonga. Nyoka alishtuka, akamwachia windo lake na kukimbia. Kinyonga huyo aliyeachwa alikuwa hajulikani kwa sayansi, na mwaka 2009 akatangazwa kwa jina la Kinyongia magomberae.

Mwingine, Kinyongia msuyae wa nyanda za juu kusini, alitangazwa mwaka 2015 na kupewa jina hilo kwa heshima ya Mtanzania Charles Msuya, aliyetumia miaka mingi kuwatafiti wanyama wanaotambaa na vyura wa nchi hii.

Rangi si kanzu ya kujifichia

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kinyonga hugeuka rangi ya mahali alipo. Mtu akimweka juu ya khanga nyekundu hatakuwa mwekundu, na akimweka juu ya karatasi ya bluu hatakuwa wa bluu.

Ni kweli kwamba rangi yake ya kawaida, ya kijani au kahawia, inamficha vizuri kati ya majani. Lakini kubadilika ni jambo jingine. Hubadilika kwa sababu ya joto, mwanga, hofu, hasira, ugonjwa, na zaidi ya yote kwa sababu ya kinyonga mwenzake.

Mwaka 2008, watafiti Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli walichapisha matokeo ya kuwalinganisha vinyonga wadogo wa kusini mwa Afrika. Walikuta kwamba spishi zenye uwezo mkubwa wa kubadilika rangi si zile zinazoishi katika mazingira ya rangi nyingi, bali zile ambazo madume yake huonyeshana rangi kali wanapokabiliana. Kwa maneno mengine, uwezo huo ulikua kwa ajili ya kuonekana.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, waliwapambanisha madume ya kinyonga wa Yemeni. Waligundua kuwa dume ambalo mistari ya ubavu wake inang'aa zaidi ndilo lililoelekea kumwendea mpinzani, na dume ambalo kichwa chake hung'aa kwa kasi zaidi ndilo lililoelekea kushinda. Mara nyingi mshindwa hufifia rangi na kuondoka, na ugomvi humalizika bila jeraha.

Jike nalo lina lugha yake. Katika spishi nyingi, jike lenye mimba likikaribiwa na dume hukoza rangi, huonyesha madoa na kuyumba mwili. Dume lenye akili hulielewa.

Rangi pia ni blanketi. Asubuhi yenye ubaridi kinyonga hujigeuza mweusimweusi ili avute joto la jua, na adhuhuri hupauka ili asiungue. Usiku, akiwa amelala kwenye ncha ya tawi, huwa mweupe kiasi kwamba tochi humwonyesha kwa urahisi. Wanaowakamata kwa ajili ya kuwauza wanalijua hilo, na ndiyo maana kazi yao hufanyika usiku.

Namna ngozi inavyofanya hayo ilielezwa vizuri mwaka 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, waliomchunguza kinyonga wa Madagascar anayejulikana kwa rangi zake kali. Awali ilidhaniwa kuwa kila kitu hutokana na chembechembe za rangi zinazotawanyika na kukusanyika ndani ya seli. Hizo zipo, hususan za melanini, ambayo ndiyo pia huifanya ngozi ya binadamu kuwa nyeusi. Lakini si hizo peke yake.

Watafiti hao walikuta seli zilizojaa fuwele ndogo mno za kemikali iitwayo gwanini, zilizopangwa kwa utaratibu kama mayai katika trei. Fuwele hizo hazina rangi yoyote. Kinachotoa rangi ni nafasi iliyo kati yake.

Kinyonga akitulia, fuwele hukaribiana na kurudisha mwanga wa bluu, ambao ukipita katika tabaka la njano lililo juu yake huonekana kijani. Akisisimka, fuwele huachana, na mwanga unaorudi huwa wa njano, chungwa au mwekundu. Ni jambo la jamii moja na dizeli iliyomwagika juu ya dimbwi katika Barabara ya Morogoro: dizeli haina upinde wa mvua ndani yake, lakini utando wake mwembamba huugawa mwanga.

Chini ya seli hizo lipo tabaka jingine, lenye fuwele kubwa zaidi, ambalo watafiti wanasema hurudisha nje sehemu ya joto la jua. Kwa mnyama asiyeweza kukimbilia kivuli, kinga hiyo si haba.

Mwendo pole, ulimi kama mshale

Mwendo wa kinyonga nao hueleweka vibaya. Huyumba mbele na nyuma kama jani linalopeperushwa, na wanyama wengi wanaowinda kwa macho hutambua windo kwa mwendo wake. Vidole vyake vimeungana katika mafungu mawili, mfano wa koleo. Mguu wa mbele una vitatu ndani na viwili nje, na wa nyuma una viwili ndani na vitatu nje. Pamoja na mkia unaojizungusha kwenye tawi, hiyo ni miguu ya kushika matawi. Barabarani haina faida. Mkia huo, tofauti na wa mjusi wa ukutani, haukatiki na kuota tena.

Macho yake huzunguka kila moja kivyake, moja likitazama mbele na jingine nyuma. Akimwona panzi, macho yote mawili huelekea mahali pamoja, kisha hupima umbali.

Ulimi ndio unaofuata. Umevikwa kwenye mfupa mwembamba, na kati ya mfupa na msuli zipo ala za nyuzinyuzi zinazobanwa na kuhifadhi nguvu kama mpira wa manati. Zinapoachiwa, ulimi hufyatuka. Mtafiti Christopher Anderson, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, alipima spishi 20 na kukuta kwamba walio wadogo zaidi ndio wenye ulimi mkali zaidi. Aliyeongoza ni Rhampholeon spinosus, kinyonga mdogo anayepatikana katika Milima ya Usambara tu, ambaye ulimi wake huruka mara mbili na nusu ya urefu wa mwili, kwa mchapuko unaozidi mara 260 ule wa mvutano wa dunia.

Hakuna gari lililotengenezwa kutumika barabarani linaloukaribia mchapuko huo.

Mwaka huo huo watafiti wa Ubelgiji na Ufaransa waliripoti kwamba ute wa ncha ya ulimi wa kinyonga ni mzito mara 400 kuliko mate ya binadamu. Windo hunata, na panzi, nzi na mende hupungua katika bustani ya mtu ambaye huenda ndiye aliyeshika jiwe.

Mayai ardhini

Imani ya jike kupasuka tumbo inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndani yake umo ukweli mwingine uliofichika.

Jike la kinyonga wa kawaida wa Pwani hutaga mayai. Likikaribia kutaga hushuka kutoka mtini, jambo ambalo kwa kawaida hulikwepa, na kutafuta udongo laini. Huchimba shimo kwa miguu yake, kazi inayoweza kuchukua siku nzima, hutaga mayai kadhaa hadi zaidi ya 40, hulifukia shimo, hulishindilia, kisha huondoka likiwa limekonda na kuchoka. Mengine hayapati nguvu tena.

Zipo spishi zinazozaa watoto hai. Miongoni mwake ni kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Kenya, ambaye jamaa yake yupo Mlima Meru. Watoto wake hutoka kwa njia ya kawaida, kila mmoja katika utando mwororo anaoupasua mwenyewe. Utando ndio unaopasuka, si tumbo la mama.

Huenda imani hiyo ilitokana na majike yaliyogongwa yakielekea kutaga, matumbo yakiwa wazi na mayai yametapakaa barabarani. Mtu aliyeyakuta hivyo asubuhi angeweza kuamini kuwa ameona uzazi.

Mayai hukaa ardhini kwa muda mrefu, kati ya miezi mitano na kumi, bila mama wala baba kuyalinda. Kipo kinyonga wa Madagascar, Furcifer labordi, ambaye watafiti walieleza mwaka 2008 kuwa huishi mwaka mmoja tu, na sehemu kubwa ya mwaka huo, miezi minane au tisa, huipitisha ndani ya yai. Wa Pwani huishi zaidi ya hapo, lakini naye sehemu nzito ya maisha yake ipo chini ya udongo, mahali ambapo hakuna anayemwona.

Hapo ndipo tatizo la Kibaha na Kisarawe lilipo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,098,668 katika Mkoa wa Pwani. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,024,947. Wengi wanajenga kandokando ya jiji. Kutoka Kiluvya, Maili Moja na Picha ya Ndege hadi Mlandizi, mikorosho imekatwa viwanja, viwanda vimejengwa, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Pugu, Soga na Ruvu kuelekea Morogoro.

Hakuna anayeweza kuwalaumu watu kwa kutafuta mahali pa kuishi. Lakini namna kiwanja kinavyosafishwa ndiyo inayoamua nani atabaki. Greda likipita, au nyasi zikichomwa na udongo kupinduliwa, kizazi cha mwaka unaofuata huondoka pamoja na kifusi kabla mwenye kiwanja hajajua kuwa kilikuwepo. Ukuta wa matofali unaochukua nafasi ya ua wa michongoma hauna mahali ambapo miguu ya koleo inaweza kushika.

Kwa kinyonga wa msituni hali ni ngumu zaidi. Yule wa mashambani bado ni wengi barani, na wataalamu wa uhifadhi hawamhesabu kuwa hatarini kutoweka. Wa majani makavu hawezi kuhamia bustanini. Misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu Kusini imekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam, mashamba na makazi, na kila inapotobolewa, jua hukausha majani ya chini anayoyategemea.

Soko la nje

Wakati mkazi wa Kisarawe anamkimbia kinyonga, wapo watu Ulaya wanaomlipia fedha nyingi. Januari 2021, maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, walimkamata msafiri aliyetoka Tanzania kupitia Ethiopia akiwa na vinyonga 74 kwenye mizigo, wamefichwa ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn, na watatu hawakupona. Thamani yao sokoni ilikadiriwa kuwa euro 37,000 hivi.

Tanzania ilikuwa imepiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi tangu mwaka 2016. Mwaka huo huo nchi wanachama wa mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, walipokutana Johannesburg, waliwaingiza vinyonga wadogo wa majani makavu katika orodha ya wanaohitaji kibali. Juni 2022 ilitangazwa kuwa wafanyabiashara wangeruhusiwa kusafirisha wanyama waliobaki mikononi mwao, lakini Serikali ikalisitisha tangazo hilo baada ya muda mfupi.

Kumfuga nyumbani nako hakufai, mbali na suala la sheria. Kinyonga hunywa matone ya maji yaliyo juu ya majani na mara nyingi hayatambui maji ya bakuli, hivyo anaweza kufa kwa kiu huku maji yakiwa mbele yake.

Anayemkuta barabarani hahitaji kumshika. Inatosha kumwekea kijiti mbele ya miguu. Atakishika na kupanda mwenyewe, akifoka. Apelekwe kwenye kichaka cha upande aliokuwa akielekea, kwa sababu akirudishwa alikotoka ataanza kuvuka upya. Na kama ni jike nene, lililoshuka chini wakati wa mvua na kuanza kuchimba pembezoni mwa bustani, mahali hapo paachwe bila jembe hadi mwaka wa pili.